Kontena la vifaa au ada ya mwanafunzi? Jibu kwa chama kinachotaka kusaidia hospitali ya misheni kaskazini mwa Malawi

Swali: Sisi ni chama cha wauguzi na watunza wazee tunaoishi Columbus, Ohio. Wengi wetu tumetoka Mbeya, Kyela na Bukavu, na mwenzetu mmoja ni Mngonde wa Karonga, Malawi. Tumechanga dola 24,000 tusaidie hospitali ya misheni iliyo karibu na kwao. Kampuni moja hapa inatupa bure mashine 20 za kuzalisha oksijeni zilizotumika majumbani, vitanda 30 vya umeme, na maboksi ya glavu na dawa. Nusu ya wanachama wanataka tukodi kontena, nusu wanataka tusomeshe daktari mmoja. Tufanye lipi?

Jibu: Ndugu zetu wa Columbus, kontena hilo msilikodi, na daktari huyo msimsomeshe. Fedha mliyo nayo inatosha kufanya jambo la maana, ila kwa mpango mwingine: mashine chache za oksijeni zinazokubali umeme wa Malawi, pamoja na vipuri na matunzo yake, wauguzi wakunga au matabibu (wahudumu wa tiba wenye stashahada, si madaktari) wawili wanaosomea Malawi kwenyewe, na akiba isiyoguswa mpaka wanafunzi hao wamalize. Tuanze na mashine, maana hapo ndipo michango ya vyama vingi huzama.

Umeme

Mashine za oksijeni za majumbani huko Marekani hutengenezwa kwa umeme wa volti 120 na hezi 60, yaani mkondo unaorudia mzunguko wake mara 60 kwa sekunde. Malawi, sawa na Tanzania na Zambia, inatumia volti 230 na hezi 50. Hapatakosekana mtu wa kuwaambia kwamba transfoma itamaliza kazi. Transfoma hushusha volti tu, hezi zinabaki zilezile. Mota ya kompresa iliyoundwa kwa hezi 60 ikilishwa hezi 50 huzunguka pungufu kwa takriban moja ya sita. Hewa inayosukumwa inapungua, mota inachemka, na baada ya muda mashine inajizima au inaungua.

Kabla haijaungua ndipo penye hatari kubwa zaidi. Mashine inanguruma, mrija unapuliza, na muuguzi wa zamu ya usiku anaamini mtoto anapata oksijeni, kumbe kinachotoka kinakaribia hewa ya kawaida. Mashine iliyokufa kabisa ina nafuu, kwa kuwa kila mtu anaiona na anatafuta njia nyingine.

Ili mjue cha kukagua, ni vizuri mjue mashine hiyo inavyofanya kazi. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Kompresa huisukuma kupitia vyombo viwili vyenye punje za zeolaiti, ambazo hunasa nitrojeni na kuacha oksijeni ipite. Chombo kimoja kikifanya kazi, kingine kinajisafisha, kisha vinabadilishana. Mashine nzima hutoa oksijeni ya karibu asilimia 93. Shirika la Afya Duniani linataka isishuke chini ya asilimia 82 katika mtiririko wowote ambao mashine imeandikiwa. Adui wa zeolaiti ni unyevu. Mashine iliyokaa stoo mwaka mzima, kisha ikafungiwa ndani ya kontena baharini kwa wiki nyingi, inaweza kufika ikiwa na sura ya mpya huku punje zake zimekwisha.

Kwa hiyo mashine iliyotumika haipokewi kwa macho. Karibu zote zina mita ya saa, isomeni. Mashine inayofanya kazi usiku na mchana hukusanya saa 8,760 kwa mwaka, hivyo mita ikisoma 20,000, imeshatumika zaidi ya miaka miwili bila kupumzika. Iwasheni, ipeni muda wa kupata moto kama kitabu chake kinavyosema, fungueni mtiririko hadi mwisho, kisha pimeni kwa kipima oksijeni kwenye tundu la kutolea. Iliyo chini ya 82 msiipeleke popote. Vivyo hivyo isiyo na kitabu, na ile ambayo kampuni yake imeacha kutengeneza vichujio.

Sasa, mnunue nini badala yake? Wodi ya watoto ndiyo hufaidi kwanza. Mtoto njiti huhitaji nusu lita hadi lita 1 kwa dakika, na mtoto mkubwa kidogo lita 1 hadi 2. Mashine moja ya lita 5 ikiwekewa kigawa mtiririko inaweza kuwahudumia watoto wachanga hadi watano kwa wakati mmoja, ilimradi presha yake ya kutolea inatosha kigawa hicho. Muulizeni muuzaji jambo hili kwa maandishi, kwa sababu si kila modeli inakubali. Mashine ya lita 10 inafaa wodi ya watu wazima. Ya lita 5 hula wati 350 hivi, ya lita 10 karibu 600. Bei za mashine mpya huanzia mamia kadhaa ya dola na kupita elfu moja, kutegemea ukubwa na modeli, hivyo mashine nne, vifaa vyake vyote na kipima oksijeni kimoja vinaweza kuingia ndani ya dola 7,000 hadi 8,000.

Tumetaja vifaa vyake kwa sababu mashine peke yake haitibu mtu. Kila moja iende na stabilaiza ya wati 1,000 au zaidi, maana umeme wa vijijini hupanda na kushuka vibaya; vichujio vya kutosha miaka 2; mirija ya puani ya saizi ya njiti, ya mtoto na ya mtu mzima, wala si ya saizi moja; na kipimo cha oksijeni ya damu. Hiki cha mwisho husahaulika mno. Bila hicho muuguzi hajui nani yuko chini ya asilimia 90 na nani amerudi juu, hivyo oksijeni hupewa anayehema kwa kishindo, na aliyenyamaza kwa kuishiwa nguvu anarukwa. Vile vidude vya kubana kidole vinavyouzwa dukani havikai kwenye kidole cha kichanga. Nunueni chenye kihisi cha kufungwa mguuni, na vihisi viwili vya akiba, kwa sababu waya ndio hukatika mwanzo.

Stabilaiza hakuna haja ya kuzitoa Ohio. Soketi za Malawi ni zile za pini tatu za bapa kama za Tanzania, na umeme ni uleule, kwa hiyo ndugu zenu walioko Mbeya wanaweza kuzinunua hapo na kuzivusha mpaka wa Kasumulu kwa njia halali, zikiwa na ankara yenye jina la hospitali.

Umeme ukikatika mashine inanyamaza papo hapo. Jenereta huchelewa kuwaka, na pengine mafuta hayapo. Malawi imepitia vipindi virefu vya uhaba wa mafuta kwa kukosa fedha za kigeni. Kinga ni mtungi mmoja mkubwa uliojaa, uliosimama wodini. Mtungi wa lita 6,800 ukifunguliwa lita 5 kwa dakika unadumu saa 22 na ushei. Kifaa cha kupunguza presha kinachofungwa juu ya mtungi kinunuliwe Malawi, msikitume kutoka Marekani: nyuzi za skrubu za vichwa vya mitungi za nchi hizo mbili haziingiliani, na kifaa kisichofunga vizuri kwenye oksijeni yenye presha ni moto unaosubiri.

Halafu kuna vumbi. Kiangazi, hasa Agosti hadi Oktoba, kichujio cha nje huziba upesi. Huoshwa kwa maji na sabuni kila wiki na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Ndiyo maana huwa viwili kwa kila mashine, kimoja kikikauka kingine kinafanya kazi. Mashine ikae sentimita 30 kutoka ukutani, mbali na pazia. Kazi hii iandikwe kwenye karatasi ya wodi, chini ya jina la cheo fulani. Kazi ya watu wote huwa haifanywi na mtu.

Wodi yenyewe haiwezi kufanya zaidi ya hapo. Kupima ubora kila miezi 3 na kubadilisha vipuri ni kazi ya fundi wa vifaa tiba, na mafundi hao ni wachache. Wizara ya Afya ya Malawi ina kitengo chake cha matunzo ya vifaa, na Chuo Kikuu cha MUBAS cha Blantyre hufunza wahandisi wa fani hiyo. Hospitali za misheni mara nyingi hugawana fundi mmoja kwa kanda nzima. Lipieni safari zake nne kwa mwaka na kipima oksijeni kimoja cha kutembea nacho. Mtapata zaidi kuliko kuongeza mashine ya tano. Utafiti wa mwaka 2011 uliokusanya takwimu za hospitali za nchi maskini uliona kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa tiba vilikuwa havifanyi kazi, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa kukosa mafunzo, vipuri na miundombinu.

Vitanda, dawa na safari ya kontena

Vitanda vya umeme, hapana. Mota yake ina tatizo lilelile la umeme, na kitanda kilichokwama kimeinuka kichwani kinamtesa mgonjwa kuliko kitanda bapa. Vya kuzungusha kwa mkono vingefaa, lakini hata hivyo pigeni hesabu ya nafasi: kitanda ambacho hakijafunguliwa vipande vipande hula zaidi ya mita 1 ya ujazo, na kontena la futi 20 lina mita za ujazo 33 hivi. Vitanda 30 vinalijaza kabla hamjapakia kitu kingine, nanyi mtakuwa mmesafirisha hewa iliyo chini ya vitanda. Mafundi wa kuchomelea wa Mzuzu wanatengeneza vitanda vya hospitali vya chuma.

Dawa msipeleke kabisa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani, ya kwanza ikiwa ya 1996, inataka dawa ya msaada iwe imeombwa na mpokeaji, iwe kwenye orodha ya nchi hiyo, ibakiwe na angalau mwaka 1 kabla ya kuisha muda inapofika, na isiwe imewahi kutolewa kwa mgonjwa kisha ikarudishwa. Zaidi ya hayo kunahitajika kibali cha mamlaka ya dawa ya Malawi, inayojulikana kama PMRA, kabla mzigo haujaondoka. Boksi lililochanganywa dawa za aina ishirini halipiti hata sharti moja kati ya hayo, na gharama ya kuliteketeza itaangukia hospitali mliyotaka kuisaidia. Glavu ni sawa kama hazijaisha muda na hospitali imeziomba kwa saizi.

Kuhusu njia: Malawi haina bandari ya bahari. Mizigo ya kaskazini huingia vizuri zaidi kupitia Dar es Salaam, Mbeya, mpaka wa Kasumulu na Songwe, kisha Karonga. Kuna pia njia za Nacala na Beira nchini Msumbiji. Ukiulizia bei, ulizia ya kufika mlangoni kwa hospitali, maana bei ya kufika bandarini ni nusu ya habari. Msamaha wa ushuru huombwa na hospitali, ikiwa ndiyo mpokeaji kwenye hati ya shehena, na huombwa kabla meli haijafika. Anayeomba baadaye hulipa tozo za kuchelewesha kontena kila siku, na kwa vyama vidogo tozo hizo zimewahi kuzidi thamani ya mzigo wenyewe.

Kwa nini si daktari

Udaktari unasomewa miaka mingi. Shahada ya udaktari Malawi, pamoja na mafunzo ya kazi yanayofuata, haipungui miaka 6, na dola zenu zinaweza kukatika katikati. Akimaliza, hospitali za rufaa za Blantyre, Lilongwe, Mzuzu na Zomba zinamhitaji, mashirika yanamhitaji, na nchi za nje zinamhitaji. Hamtamlaumu akienda.

Kumsomesha Marekani ni ghali zaidi na matokeo yake hayana uhakika. Mfano mko nao jirani: Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi, alisoma Wilberforce, huko huko Ohio, akahitimu mwaka 1928, kisha akapata shahada ya udaktari katika chuo cha Meharry, Tennessee, mwaka 1937 kwa misaada ya wafadhili Wamarekani. Alitibu watu Uingereza, halafu Kumasi, na aliporudi nyumbani Julai 1958 alirudi kuongoza siasa. Malawi yenyewe ilianza chuo chake cha udaktari Blantyre mwaka 1991. Mwaka 2021 kiliunganishwa na Chuo cha Uuguzi cha Kamuzu kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi za Afya cha Kamuzu. Kabla ya mwaka 1991, kila kijana aliyetaka udaktari alilazimika kuondoka nchini.

Sasa tazameni nani anafanya kazi katika hospitali kama hiyo mnayoitaja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia upasuaji wa uzazi 2,131 katika hospitali 38 za wilaya na za misheni nchini Malawi. Asilimia 88 ulifanywa na matabibu, watu wenye stashahada ya miaka 3 na mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi, na hali za wagonjwa baada ya upasuaji hazikutofautiana na za waliopasuliwa na madaktari. Msumbiji ilianza kufunza mafundi wa upasuaji wa ngazi ya kati mwaka 1984, na ilipochunguzwa walikokwenda, karibu asilimia 88 yao walikuwa bado kwenye hospitali za wilaya miaka 7 baada ya kuhitimu. Kati ya madaktari waliopangiwa hospitali hizo, hakubaki hata mmoja. Anayejiuliza mama mwenye uchungu saa 8 za usiku atahudumiwa na nani ana jibu lake hapo.

Muuguzi mkunga wa stashahada naye husoma miaka 3, na vyuo vingi vya ngazi hiyo ni vya misheni, chini ya umoja wa hospitali za Kikristo uitwao CHAM, ulioanzishwa mwaka 1966. Kaskazini mna Chuo cha Sayansi za Afya cha Ekwendeni, ambacho mwenzenu wa Karonga bila shaka anakijua.

Kuna jambo moja linalovunja mipango ya namna hii kuliko yote: ajira. Mishahara ya watumishi wa hospitali za CHAM hulipwa na serikali, na serikali ikikosa fedha za kuajiri, wahitimu hukaa nyumbani na vyeti vyao. Imetokea Malawi, imetokea Zambia, na nyumbani Tanzania na Kenya mnalijua. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi ya ada, dai barua ya hospitali inayosema nafasi hiyo imo kwenye ikama, inasimama wazi, na mhitimu ataajiriwa kwa mshahara wa nani. Kama barua haipatikani, msaidieni mtu ambaye tayari ameajiriwa hapo: mhudumu wa wodi mwenye sifa za kwenda uuguzi, au tabibu anayetaka kusomea ganzi. Huyo mshahara wake upo, nyumba yake ipo, na anajua giza la pale likoje.

Kuchagua na kumtunza mwanafunzi

Mfano mzuri kuufuata uko Ingwavuma, kaskazini mwa KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Hospitali ya Mosvold, iliyochoka kutangaza nafasi zisizoombwa na mtu, ilianza kusomesha vijana wa eneo lake; mpango huo baadaye ukawa taasisi ya Umthombo. Masharti yake ni machache. Kijana anatoka eneo la hospitali na anachaguliwa na hospitali pamoja na watu wa hapo. Kabla ya kuomba, anajitolea hospitalini aone kazi ilivyo. Kila likizo anarudi kufanya kazi hapo. Anapata mlezi anayefuatilia matokeo yake chuoni. Akimaliza, kila mwaka aliolipiwa anaulipa kwa mwaka wa kazi.

Hayo ya likizo na mlezi ndiyo watu huyaacha, wakidhani ada ndiyo msaada wenyewe. Kijana wa kijijini aliyekuwa wa kwanza darasani kwao hufika chuoni akakuta anafeli anatomia mwezi wa pili, anaona aibu, hasemi, na wafadhili wanapata habari akiwa amekwisha kuondolewa. Mlezi awe mtu wa hospitali au wa chuo, anayepigiwa simu kila wiki mbili na kulipwa posho ndogo, na matokeo ya kila muhula yatumwe na chuo, si na mwanafunzi. Amueni mapema: akifeli mtihani mara moja mtamlipia kurudia, akipata ujauzito au akiugua, ufadhili unasimama na kuendelea akirudi. Msipoliandika hili, litaamuliwa siku hiyo kwa hasira.

Ada hulipwa chuoni moja kwa moja kwa ankara, kabla ya muhula kuanza. Mwanafunzi ambaye ada yake imechelewa huzuiwa mtihani, na muhula mmoja uliopotea unaweza kugharimu mwaka. Juu ya ada wekeni bweni na chakula, sare na viatu, saa ya mkunga, vitabu, nauli za mafunzo ya vitendo, na ada za usajili na mtihani wa leseni wa Baraza la Wauguzi na Wakunga la Malawi. Hizo za mwisho huja mwisho kabisa, wakati kila mtu ameshapumua, na mhitimu asiye na leseni haajiriki. Ulizeni pia kama kijana anapata mkopo wa bodi ya mikopo ya serikali, ili msilipe kilicholipwa.

Mkataba uwe kati ya mwanafunzi na hospitali. Nyinyi muwe wafadhili tu. Chama cha Ohio hakiwezi kumshtaki mtu Karonga, na msijaribu kushika vyeti vyake, kwani hilo linazaa uadui na cheti kinaweza kuchukuliwa nakala. Mkataba uandike kiasi kitakachorudishwa akiondoka kabla ya muda, kikipungua kila mwaka anaofanya kazi. Wachache wataondoka. Kinachowabakiza wengi ni nyumba yenye maji, zamu zinazopangwa kwa haki na mshahara unaofika. Malawi iliona hili kuanzia mwaka 2004, ilipoongeza mishahara ya watumishi wa afya kwa asilimia 52 kwa msaada wa Uingereza na wahisani wengine: katika miaka 5 watumishi wa kada zilizolengwa walitoka 5,453 hadi 8,369. Nyongeza hiyo hamna uwezo nayo, lakini mlango, choo na tangi la maji la nyumba ya muuguzi mnaweza.

Fedha zenyewe

Gawanyeni hivi, mkirekebisha baada ya kupata ankara halisi: dola 8,000 mashine, vifaa vyake na safari za fundi, 11,000 wanafunzi wawili, 5,000 akiba. Ankara za chuo zikionyesha kwamba 11,000 haziwafikishi wawili mpaka leseni, chukueni mmoja. Akiba inaonekana kubwa kwa sababu kwacha haitulii. Novemba 2023 benki kuu ya Malawi iliishusha thamani kwa asilimia 44 kwa mkupuo, dola ikaruka kutoka kwacha 1,180 hivi hadi 1,700, na ada na bei zikafuata. Shikeni fedha yenu kwa dola, mpeleke kwa vipande vya muhula mmoja mmoja.

Ziende kwenye akaunti ya hospitali yenye saini mbili, kamwe zisipite kwa ndugu wa mtu, hata awe mwaminifu vipi. Mnamweka pabaya yeye kuliko nyinyi. Kwa upande wa Marekani, kama chama kimesajiliwa kama cha hisani, sheria ya kodi inawataka mbaki na udhibiti wa matumizi hata fedha ikishavuka bahari: azimio la kikao, barua ya makubaliano, stakabadhi na ripoti. Mchangiaji akisema fedha yake ni ya mwanafunzi fulani kwa jina, haimpi nafuu ya kodi.

Hofu ya wizi msione haya kuitaja. Mei 2025 Marekani ilitangaza kuikatia Zambia dola milioni 50 za msaada wa dawa kwa mwaka, kwa maelezo kwamba dawa za msaada zilikuwa zikiibwa na kuuzwa madukani. Kwa mzigo wenu, namba za mashine ziandikwe kwenye rejesta ya hospitali, na picha za namba hizo zitumwe kila baada ya miezi 6 pamoja na usomaji wa mita ya saa. Mita ndiyo ripoti bora kuliko barua ya shukrani: inasema mashine imetumika saa ngapi.

Na mwaka huohuo wa 2025 fedha za USAID, shirika la misaada la Marekani, zilipokatwa, miradi mingi ya afya ya kusini mwa Afrika ilifungwa ghafla, ikiwemo iliyokuwa ikilipa watumishi na usafiri wa sampuli za maabara. Kwa hiyo mkiuliza sasa mtapata majibu tofauti na ya mwaka 2024. Msiulize “mnahitaji nini?”, maana hakuna mwenyeji anayekataa zawadi ya mgeni. Ulizeni: mwaka jana mlikosa nini, mlifanyaje mlipokikosa, na kikiharibika nani atakitengeneza? Swali hilo aulizwe mganga mfawidhi, muuguzi mkuu, mhasibu na fundi, kila mmoja peke yake. Wanachama wenu wa Kyela wakipiga simu na kuzungumza Kinyakyusa, wataelewana na wahudumu Wangonde na kuambiwa mambo ambayo hayaandikwi kwenye barua pepe ya Kiingereza.

Kuhusu kampuni yenu ya huko, msiikatae kwa jumla. Waulizeni kama wana mashine za modeli ya volti 230 na hezi 50, zenye kitabu na mita iliyo chini ya saa 5,000. Zikipatikana hata nne, zipimeni kama tulivyoeleza hapo juu. Kila moja ina uzito wa kilo 14 hadi 25, hivyo zinaweza kwenda kwa ndege bila kontena, na dola zilizotengwa kununulia mpya zikahamia kwenye ada za wanafunzi.